Kikohozi cha Marehemu

Nchi ninayoisema hapa haipo. Ukijiona umewahi kuishi humo, nyamaza, na mimi ninyamaze, tuendelee.

Haipo, lakini ina mto, na juu ya mto lipo daraja, na ng'ambo ya daraja ipo nchi nyingine ambayo nayo haipo. Sisi wa huku na wale wa kule ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake, wakifiwa wao, sisi tunakwenda kuwachekesha, na tukifiwa sisi, wao wanakuja kutuvurugia matanga. Ndiyo heshima yenyewe. Alipokufa mama yangu, Bi Kalunde wa ng'ambo alivuka na wenzake, akajitosa kaburini kabla ya maiti, akalala chali.

"Hapa pazuri," akasema. "Huyo kikongwe wenu mtafutieni kwingine."

Hakutoka mpaka tulipomlipa jogoo. Alipotoka akaizunguka nyumba akichechemea kama mama yangu, akinusa ugoro kama yeye, akimtukana mkwe kama yeye, tukawa tunalia huku tunacheka. Binti yangu Sikudhani, ambaye ndio kwanza alikuwa anaota upya meno ya mbele, akanivuta kanga.

"Mama, mbona anamcheka bibi?"

"Anamsindikiza, mwanangu. Ni mtani wake."

"Na wakifa wao?"

"Tutakwenda sisi."

Laiti ningejua naongea na nani.

*

Basi akafa mtawala wa ng'ambo, aliyeitwa Baba. Alikuwa ametawala muda mrefu hata sisi wa huku tulikuwa tumemzoea, maana kila Jumamosi alihutubia, na redio haina pasipoti, inavuka tu. Kwanza alikuwa anakohoa: khoo, khoo-khoo-khoo, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Halafu anasema, "Tulieni!" Nchi nzima inatulia. Watoto wetu walikuwa na mchezo wa kikohozi hicho. Mmoja anakohoa, wengine wanakauka kama mawe, atakayetikisika ametoka. Sikudhani ndiye aliyekuwa akikohoa siku zote. Wenzake walisema akikohoa yeye, hata mbwa wanakauka.

Mtawala wetu sisi, Mlezi, naye huhutubia Jumamosi, lakini hakohoi. Yeye huguna. Ni mguno mrefu unaopanda mlima, "mmmmh-ha," ndipo aseme, "Wanangu." Mchezo wa mguno haukuwapo mtaani. Watoto nao wana akili zao.

Baba alifia huku kwetu, katika hospitali ya mji mkuu. Kwao kulikuwa na hospitali aliyoijenga mwenyewe, yenye jina lake mlangoni. Kwa kuwa aliijua vizuri, hakutaka kulazwa humo. Ikabidi jeneza lirudishwe kwao kwa barabara, lipite kwenye mji wetu na daraja letu, na Serikali yetu ikaamua kwamba tutaomboleza kuwazidi wafiwa. Shuleni akaletwa Afisa Maombolezo kuwafundisha watoto.

"Kilio cha nchi rafiki kinaanzia tumboni," aliwaambia. "Kilio cha nchi jirani kinaanzia kifuani. Hawa ni jirani na ni rafiki, kwa hiyo ninyi mtaanzia hapa katikati, penye kifungo cha shati."

Watoto wakaanzia penye kifungo.

*

Siku ya jeneza tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, watoto mbele, wazazi nyuma. Msafara ukaja, ukasimama kwenye geti la mpakani, penye daraja. Kwa kawaida msafara wa wakubwa hausimami, lakini afisa wa uhamiaji aliyekuwa zamu alikuwa ametoka kuonywa kwa kosa la kupitisha watu bila kuwakagua, naye hakutaka kuonywa tena. Akaomba pasipoti ya marehemu. Akapewa. Akaomba kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano.

"Bwana, huyu amekufa," akasema mkuu wa msafara.

"Hilo naliona. Kwa homa gani?"

Wakaenda kuitafuta kadi. Jua likapanda. Jeneza lilikuwa juu ya lori la jeshi lililo wazi, limezikwa kwa maua kabla ya kuzikwa kwa udongo. Nyuma ya lori, katika gari jeusi, alikuwamo aliyekuwa Makamu wa Baba, ambaye alikwisha kuapishwa kwa simu ili kiti kisipoe. Sasa akaitwa Mtawala Mpya. Akashuka kunyoosha miguu, na kamera za nchi mbili zikamgeukia. Watoto walikuwa wameishiwa machozi, wamepewa mapumziko. Palikuwa kimya kabisa.

Nikatazama mstari wa darasa la pili, darasa la mwanangu, nikaona pengo.

Ndipo maua yalipokohoa.

Khoo. Khoo-khoo-khoo.

"Tulieni!" yakasema maua. "Mbona mnanikimbiza? Kwani kaburi lina miguu?"

Wanajeshi wa ng'ambo wakalala kifudifudi. Mpiga tarumbeta akaitupa tarumbeta kama nyoka. Na Mtawala Mpya akapiga magoti juu ya lami, akavua kofia.

"Baba, sikukikalia," akasema, karibu kabisa na vinasa sauti vya redio. "Nilikuwa nakifuta vumbi tu. Na lile shamba lako nitalirudisha, Baba, nilikuwa nakupalilia."

Akakaa pale magotini muda wa kutosha, kila kamera ikapata zamu. Mimi nilimwona mwanangu akiteleza kushuka upande wa pili wa lori, ua limemnasa kwenye nywele, anakuja kwangu mbio, meno yote nje.

"Mama, umenisikia? Nimemsindikiza vizuri?"

Nikamziba mdomo kwa kiganja.

*

Redio ya ng'ambo ikatangaza kwamba hakuna mtu aliyepiga magoti, na kwamba mtoto aliyeonwa mgongo akishuka kwenye lori, aliyesababisha magoti hayo, lazima apatikane. Akabidhiwe darajani akiwa mzima, pamoja na kikohozi chake. La sivyo, mizinga. Tukadhani ni maneno ya redio. Kulipokucha tukaiona kweli, imepangwa kati ya migomba ya ng'ambo, midomo yake inatutazama sisi. Wanawake wakaacha kwenda mtoni kufua. Mtaa mzima ukavaa nguo chafu kwa ajili ya amani.

Akaja Waziri wetu wa Ujirani Mwema, Mheshimiwa Lugendo, akatuhutubia katika uwanja wa shule.

"Ndugu wananchi! Mlezi anawapenda. Mlezi halali kwa ajili yenu. Lakini nchi haiwezi kuingia vitani kwa ajili ya mtoto mmoja. Watoto tunao wengi. Daraja tunalo moja."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuwashinda wote, na Sikudhani nimembana katikati ya magoti.

Mheshimiwa akatangaza Ukaguzi wa Vikohozi. Kila mtoto apite mezani akohoe. Nilipofika nyumbani nikafunga mlango na dirisha, nikamkalisha mwanangu juu ya kinu.

"Kesho ukifika mbele yao, kohoa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kama mtu aliyepaliwa na ugali."

"Lakini Baba wa ng'ambo hakukohoa hivyo, Mama."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akajaribu. Akakohoa vizuri. Nikamfinya. Akajaribu tena, machozi yanamtoka, mpaka kikawa kikohozi cha mtu yeyote tu.

"Watanipeleka wapi, Mama?"

"Huendi popote," nikamwambia, na sikuweza kumtazama usoni.

*

Mezani walikaa Mheshimiwa Lugendo, daktari wa wilaya, na Mtaalamu wa Sauti kutoka mji mkuu, mtu mwembamba mwenye kinasa sauti na sikio moja kubwa kuliko jingine. Alikuwa akifumba macho kila mtoto alipokohoa, kama mtu anayeonja pilau.

Sikudhani akapita. Akakohoa kama aliyepaliwa.

"Huyu kapaliwa," Mtaalamu akasema. "Apite."

Nikashika mti wa bendera. Afande akaniambia huo haushikwi.

Nyuma yake alifuata Tunu, mtoto wa jirani yangu. Kati ya nyumba yangu na ya Mama Tunu upo ua wa makuti tu. Tunu ana pumu. Hakuhitaji kuambiwa akohoe. Alikohoa tangu kwenye foleni, akakohoa mezani, akaambiwa inatosha, akaendelea. Mtaalamu akafumbua macho.

"Kifua hiki ni kizito. Nadhani ndiye."

"Mheshimiwa!" Mama Tunu akapiga yowe. "Mtoto mgonjwa huyo! Ana kifua tangu nimemzaa!"

"Hata marehemu alikuwa na kifua," akajibu Mheshimiwa Lugendo. "Mshikeni."

Mama Tunu akageuka akanitazama. Alijua. Ua wa makuti hauzuii sauti, alikuwa akimsikia Sikudhani kila siku tangu mchezo ulipoanza. Angeweza kunyoosha kidole tu. Hakunyoosha. Aliuma ncha ya kanga yake akawa ananitazama, na Tunu anavutwa, anakohoa, kiatu kimoja kimebaki. Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, maana mwanangu aliniwahi.

"Siyo yeye!" Akarudi mbio mpaka mezani. "Tunu hajui! Anaharibu! Inakuwa hivi."

Khoo. Khoo-khoo-khoo. "Tulieni!"

Mheshimiwa Lugendo akatulia. Daktari akatulia na kalamu hewani. Askari waliomshika Tunu wakamwachia, wakabana mikono kwenye mapaja. Kilikuwa kikohozi safi. Mungu anisamehe, niliona fahari kwanza, hofu ikafuata.

Mtaalamu wa Sauti peke yake hakutulia. Alikuwa anatabasamu, anamtazama mwanangu kama mtu aliyeokota kitu barabarani na bado hajajua atakiweka wapi.

*

Makabidhiano yalifanywa kwa heshima zote. Mtoto alipimwa uzito, ili wa ng'ambo wasije wakasema tumewapunja. Akashonewa gauni la rangi za bendera yetu. Bendi ikaja. Mimi niliruhusiwa kumsindikiza mpaka kwenye mstari mweupe wa daraja, na yule Afisa Maombolezo akanipa maelekezo.

"Mama mzazi atasimama hapa na kuonyesha huzuni ya kiasi."

"Kiasi gani, bwana?"

"Isizidi ile ya nchi rafiki."

Sikudhani alikuwa amenishika kidole. Ng'ambo ya pili tuliwaona wanajeshi wamejipanga, Mtawala Mpya amekaa juu ya kiti chenye mto, na nyuma yao wanawake wa kule wamesimama kwa kanga zao za msiba.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Nikifa kule, nani atanicheka? Watani wangu si ndio hao hao?"

Nilimfunga vizuri kifungo cha shingoni, kikafunguka, nikakifunga tena, Afande akaniondoa mkono.

Akaenda peke yake. Daraja lile ni refu unapomtazama mtoto akilivuka. Bendi ilikuwa inapiga wimbo wa furaha kwa kuwa wa huzuni walikuwa bado hawajafundishwa. Gauni lilikuwa refu, akawa analikanyaga.

Nikamwona mama yangu.

Nasema kweli, nilimwona, anatoka kati ya wale wanawake wa ng'ambo, anachechemea na ule mguu wake mbovu, ananusa ugoro kwa vidole viwili. Akawapita wanajeshi, akafika katikati ya daraja kabla ya mwanangu, akajilaza chali, akaziba njia yote. Ndipo nilipomtambua. Alikuwa Bi Kalunde.

"Hapiti mtu hapa!" akapiga kelele.

"Bibi, ondoka," akasema ofisa wao.

"Siondoki mpaka mtoto alipwe jogoo wake! Mimi kwa bibi yake nililipwa, tena jogoo mnene. Nililala kaburini kwao, nikamcheka marehemu wao mpaka mbavu zikaniuma. Leo wametulipa heshima yetu, nanyi mnaleta mizinga? Wewe Mtawala, wewe! Nimekuogesha una upele mpaka kwenye masikio, leo unaniletea bunduki?"

Ng'ambo zote mbili watu walikuwa wanataka kucheka. Hakuna aliyethubutu. Mabega yalitikisika, nyuso zikabaki kavu. Sikudhani alisimama katikati, mkono mmoja ameshika gauni, anamtazama Bi Kalunde, halafu bunduki, halafu Bi Kalunde.

Mshauri mmoja akainama kwenye sikio la Mtawala Mpya. Aliinama muda mrefu. Mtawala Mpya akafikiri. Tukaona anafikiri, maana uso wake ulipata taabu. Kisha akasimama.

"Wananchi," akasema. "Utani ni mila yetu. Mimi naijua mila kuliko mtu yeyote. Siku ile nilitambua mara moja kuwa ni mtani, nami nikapiga magoti kwa utani."

Hakuna aliyecheka.

"Nimesema kwa utani," akarudia, na ofisa akageukia kikosi chake.

"Kikosi! Cheka!"

Wakacheka. Ha, ha, ha, kwa mguu wa kushoto. Upande wetu Mheshimiwa Lugendo alikuwa amekwisha kutoa simu.

"Wamecheka, Mheshimiwa Mkuu. Ndiyo, kwa sauti. Hapana, hatujajibu, tunasubiri amri. Kuwazidi? Sawa, Mheshimiwa Mkuu, tutawazidi."

Nasi tukaamriwa. Tukacheka. Wao wakaongeza, tukaongeza. Hakuna upande uliokubali kuacha wa kwanza, na mizinga ilikuwa bado inatutazama, na askari walikuwa wanapita katikati yetu wakikagua midomo. Mama mmoja mjamzito akazimia akiwa anacheka, wakamsifu. Nilicheka na mimi, machozi yanaingia mdomoni, mpaka nikahisi mikono midogo imenikumbatia kiunoni. Alikuwa amerudi, na jogoo kwapani.

Jogoo huyo alizuiwa getini. Hakuwa na kadi ya chanjo.

*

Baada ya hapo Serikali ikaunda Tume ya Taifa ya Utani. Utani wowote usio na kibali ukapigwa marufuku, na Sikudhani akatangazwa Mtani wa Taifa. Akaletewa viatu. Hakuvivaa. Alikuwa amekuwa mtoto mtulivu, siku hizi akisikia gari anaingia uvunguni bila kuambiwa. Ule mchezo wa kikohozi ukafa mtaani. Mimi nikasema moyoni, imekwisha, na hata kama haijaisha, yuko uvunguni kwangu, si uvunguni kwa mtu mwingine.

Halafu akaja Mtaalamu wa Sauti, na kinasa sauti chake, na biskuti.

"Mama Siku, tunamhitaji mtoto kidogo tu," akasema. "Mazoezi. Wewe katuchemshie chai."

Nilikwenda kuchemsha chai. Mlango ulifungwa. Nikachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Walipotoka, Sikudhani alikuwa na biskuti mkononi, hajaila.

"Hukusikia kitu, mama," Mtaalamu akaniambia.

"Sikusikia, mheshimiwa." Na ilikuwa kweli. Alikuwa ameifungulia redio yangu sauti ya juu, ilikuwa inapiga nyimbo.

Siku hizo redio ilikuwa nyimbo tu. Jumamosi zilikuwa zinapita na Mlezi hajaguna. Mtangazaji alisema Mlezi ni mzima, yuko shambani kwake anasoma vitabu, na wanaouliza anasoma vitabu gani watachukuliwa hatua. Tukaacha kuuliza. Lakini mtu akienda kununua chumvi anaona wenye maduka wanaongea kwa macho.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani nachambua mchele. Mama Tunu alikuwa upande wake wa ua anaanua nguo. Nyimbo zikakatika. Mtangazaji akasema, kwa furaha iliyomtetemesha sauti, tumsikilize Mlezi mwenyewe.

Mmmmh-ha. "Wanangu."

Mguno ule ule, mrefu, unaopanda mlima. Barabarani mtu akapiga vigelegele. Mtangazaji akachukua karatasi akaendelea yeye, kwamba Mlezi amesema hivi, Mlezi ameagiza vile. Mimi sikuyasikia. Mchele ulikuwa umemwagika wote mapajani mwangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Nilimsikia akilia kabla hajajua maneno, namjua akivuta pumzi, namjua mahali ulimi unapogusa lile pengo la jino lililong'oka juzi. "Wanangu," alisema Mlezi, na upepo mdogo ukapita penye pengo.

Basi hapo nikajua jambo ambalo nchi nzima haitakiwi kulijua, na nikajua anayelibeba ni nani, na kwamba watamhitaji kila Jumamosi, mpaka siku watakapoona hawamhitaji tena.

"Mlezi kapona, Mama Siku," akasema Mama Tunu kupitia makuti. Sauti yake ilikuwa bapa kama sahani.

"Kapona, dada."

"Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru."

Nje barabarani viatu vya doria vilikuwa vinakaribia, vinasimama kila mlango kusikiliza kama watu wanafurahi. Hapo hapo mlango wa nyumba yangu ukafunguliwa, Sikudhani akatoka mbio, uso unang'aa kwa mara ya kwanza tangu darajani, meno yote nje.

"Mama!" akaita kwa nguvu. "Mama, umenisi..."

Mama Tunu akakohoa. Alikohoa kikohozi kikubwa, kibaya, cha mtu aliyepaliwa na ugali, akakirudia, hakupumzika. Nikamvuta mwanangu kifuani na mimi nikaanza. Tunu naye akaanza, yeye hana shida. Nyumba ya tatu wakasikia, sijui walielewa nini, wakaanza. Viatu vya doria vikasimama, vikasikiliza, vikapita. Na sisi tukaendelea kukohoa, ua hadi ua, mtaa mzima, hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini.